Mmeshtaki Asiye Mdeni? Kesi Bado Haijafa



Vikundi vingine hupoteza haki yao kortini kwa sababu ya jina moja tu. Wanafungua kesi, mshtakiwa anajibu, "Mimi si mdeni wenu, ulizeni fulani," nao wanarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. Basi leo tujifunze vile mtu anavyoongezwa au kubadilishwa katika kesi ya madai. Msome somo hili pamoja mkutanoni, mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake.

TUCHUKUE MFANO

Kikundi cha maji kimelipa shilingi 1,200,000 ili kiletewe pampu na tangi. Pesa zilipokelewa na meneja wa duka. Miezi ikapita, vifaa havikuja. Deni limezidi shilingi 1,000,000, ambayo ndiyo mwisho wa Mahakama ya Madai Madogo, kwa hivyo maafisa wa kikundi wakaenda kwa hakimu na kumshtaki meneja. Yeye akajibu kwamba ameajiriwa tu, na pesa ziliingia katika akaunti ya kampuni. Kutazama risiti, kweli, mhuri ni wa kampuni.

Je, kesi imeanguka? Hapana. Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 1, zinasema kesi haitashindwa ati kwa sababu mtu fulani aliwekwa kimakosa au aliachwa nje. Kanuni ya 10 inaipa korti uwezo wa kumwondoa asiyehusika na kumwingiza anayehitajika, kesi ikiwa bado inaendelea. Korti yaweza kufanya hivyo hata bila kuombwa, lakini msikae mkingoja. Ombeni ninyi wenyewe.

KUONGEZA AU KUBADILISHA?

Kuongeza ni kumwacha meneja ndani na kuiingiza kampuni kando yake. Hii yafaa ikiwa meneja pia ana lake la kujibu, kwa mfano kama aliweka sehemu ya pesa mfukoni, au aliandika barua akiahidi kulipa yeye mwenyewe.

Kubadilisha ni kumtoa meneja na kuiweka kampuni mahali pake. Msimshikilie mtu kwa hasira tu. Aliyeshtakiwa bila sababu anaweza kuomba alipwe gharama zake, na gharama hizo zitatoka katika mfuko wenu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tafuteni jina kamili. Jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka huenda likawa jina la biashara tu. Tazameni risiti, mkataba na karatasi za benki. Halafu ombeni taarifa ya kampuni kwa njia ya eCitizen, ile watu wanaiita CR12. Itawaonyesha jina lililosajiliwa na wakurugenzi ni akina nani.

2. Pelekeni ombi kortini pamoja na hati ya kiapo. Elezeni ni nani aingie, nani atoke, na kwa nini. Ambatisheni nakala za risiti.

3. Mpeni mshtakiwa wa kwanza nakala ya ombi. Naye ana haki ya kusikizwa.

4. Korti ikikubali, rekebisheni hati ya madai katika siku mlizopewa. Mshtakiwa mpya lazima afikishiwe samansi na hati hiyo mpya. Asipopelekewa, amri mliyopewa itabaki karatasi tu.

MUDA UNAKIMBIA

Ngojangoja huumiza matumbo. Madai ya mkataba yana miaka 6, madai ya kuumizwa au kuharibiwa mali kwa uzembe miaka 3, na ya kurudishiwa shamba miaka 12. Mkiishtaki Serikali muda ni mfupi zaidi: miezi 12 kwa hasara iliyosababishwa na uzembe, na miaka 3 kwa mkataba. Mkimleta mtu mpya baada ya muda wake kwisha, atasema mmechelewa, na huenda korti ikamkubalia. Lakini kama mlikosea jina tu, kosa likiwa la kweli na halikumpoteza mtu yeyote, korti yaweza kuruhusu jina lirekebishwe hata muda ukiwa umepita.

MSHTAKIWA AKIFA

Hapa watu wengi huteleza. Akifa kesi ikiwa inaendelea, mna mwaka 1 wa kuomba msimamizi wa mali yake awekwe mahali pake. Mwaka ukipita, kesi dhidi yake inakufa. Mtahitaji kuiomba korti iifufue, na mueleze sababu nzuri ya kuchelewa.

Msimamizi si mjane au kifungua mimba hivi hivi. Ni yule aliyepewa barua za usimamizi na mahakama ya mirathi.

Lakini mkifungua kesi dhidi ya mtu ambaye amekwisha kufa, hakuna cha kubadilisha. Korti huihesabu kesi hiyo kuwa si kitu. Kwa hivyo kabla ya kulipa ada yoyote, ulizeni kwanza kama mdeni yu hai. Kama amefariki, anzeni na msimamizi wa mali yake.

MAMBO YA KUJADILI

- Risiti zetu zinaonyesha jina la nani: mtu, duka au kampuni?
- Mweka hazina huziweka wapi? Akihama, nani atajua zilipo?
- Kuna mtu tunayemdai ambaye muda wake unakaribia kwisha?

Kabla ya mkutano ujao, mweka hazina na mwandishi wakae pamoja, waorodheshe wote ambao kikundi kinawadai, jina kamili na tarehe ya deni. Kama kuna kesi tayari, chukueni karatasi zote mwende kwa wakili, au kwa Kamati ya Haki na Amani ya parokia iwaonyeshe mahali pa kupata msaada wa sheria. Kudai haki ya kikundi si ugomvi. Ni kulinda jasho la wanachama.