Kuchagua iyafoni za bei nafuu: tuanze na sikio

Masomo mengi tunayotumia katika vikundi siku hizi huja kwa njia ya sauti. Kuna mafundisho ya kilimo na afya yaliyorekodiwa, masomo ya lugha, Biblia ya kusikiliza kwa ajili ya wasiosoma, na mahojiano ambayo katibu anatakiwa kuyasikiliza tena na tena ili ayaandike. Spika ya simu huwatosha watu wawili watatu wakiwa mahali palipo kimya. Lakini ndani ya daladala, sokoni, au katika nyumba ya chumba kimoja ambamo mtoto amelala, spika hiyo haifai. Ndipo watu wanapokimbilia iyafoni, yaani zile spika ndogo zinazoingia ndani ya tundu la sikio.

Katika somo hili tunaangalia jinsi ya kulinganisha na kuchagua iyafoni za bei ndogo, ambazo mwanafunzi au kikundi kinaweza kuzimudu. Tunaamini jambo moja linazidi mengine yote: iyafoni ikae vizuri katika sikio la yule atakayeitumia. Ikikaa vizuri, atasikia maneno waziwazi hata akiwa amepunguza sauti, na sauti ya chini ndiyo inayolinda sikio. Isipokaa vizuri, ataongeza sauti kila siku ili kufidia, na sikio litalipa gharama.

Je, bei kubwa ni dalili ya ubora?

Wengi wetu tunaamini kwamba kitu cha bei mara mbili kina ubora mara mbili. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa vifaa 283 vya kusikilizia, vya masikioni na vya kuvaa kichwani. Alilinganisha namna kila kifaa kinavyotoa sauti nene na sauti nyembamba, kisha akatazama bei yake dukani. Hakuona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Hii haina maana kwamba kila iyafoni ya bei rahisi ni nzuri. Mbovu zipo nyingi. Maana yake ni kwamba bei peke yake haitakuambia ipi ni nzuri. Fedha ya ziada mara nyingi hulipia waya imara zaidi, betri, jina la kampuni na boksi la kupendeza.

Tukumbuke pia jinsi mambo yalivyobadilika. Kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilipotoa iyafoni yake ya ER-4 mwaka 1991, bei ilikuwa zaidi ya dola 300. Mwaka 2022 viwanda vya China vilitoa aina kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero kwa takriban dola 20, na wapenzi wa muziki walizipokea kwa sifa nyingi. Hizo hazipatikani katika kila mji, na kwa wengi dola 20 bado ni fedha nyingi. Wengi wetu tutanunua kwa machinga au katika duka dogo la vifaa vya simu. Huko majina makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi huigwa kwa urahisi, kwa hiyo jina nalo halitusaidii sana. Inabidi tujue kupima wenyewe.

Kipira kidogo chenye kazi kubwa

Ziko iyafoni za aina mbili. Ya kwanza ni ile bapa ya plastiki ngumu inayokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba. Ya pili ina kipira laini mbele, nacho huingia ndani kidogo na kuziba tundu. Ya kwanza hukuruhusu kusikia mtu akikuita, nayo inafaa kwa mama anayesikiliza somo huku akiangalia watoto. Lakini inaruhusu kelele zote kuingia. Ndani ya basi utalazimika kuongeza sauti hadi ishinde injini. Ya pili huzuia sehemu ya kelele isifike ndani, kwa hiyo huhitaji kuongeza.

Aina ya pili hufanya kazi tu kama kipira kimeziba kweli. Pakiwa na mwanya mdogo, sauti nene, yaani besi, huvuja yote na sauti inayobaki huwa kavu na kali. Watu wengi huitupa iyafoni nzuri wakidhani ni mbovu, kumbe kipira ni kidogo kuliko sikio. Ndiyo maana tunashauri ununue yenye vipira vya saizi tatu ndani ya boksi. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, basi usione ajabu ukitumia kipira cha kati upande wa kulia na kikubwa upande wa kushoto.

Namna ya kupima ni rahisi. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza iyafoni taratibu, kisha liachie. Cheza wimbo wenye ngoma nzito. Sasa bonyeza iyafoni kidogo kwa kidole. Kama ngoma inaongezeka sana unapobonyeza, kipira hakijaziba. Jaribu saizi nyingine. Kama unasikia maumivu au sikio linawasha, kipira hicho ni kikubwa mno, hata kama sauti ni nzuri.

Kulinganisha kwa haki

Muuzaji atakupa iyafoni akiwa ameshaweka sauti juu kabisa, na atacheza wimbo wake. Mpe shukrani zako, kisha utumie simu yako na rekodi unazozijua. Sikio la binadamu lina udhaifu mmoja: likisikia vitu viwili, huona chenye sauti kubwa kidogo ndicho bora. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha iyafoni mbili, hakikisha zote zinasikika kwa nguvu ileile. Iyafoni moja inaweza kuhitaji sauti ya simu iwe nusu, na nyingine robo tatu. Hilo si kosa. Sawazisha kwanza, ndipo uhukumu.

Kwa kazi ya masomo, kinachohitajika zaidi ni maneno kusikika. Rekodi mtu akisoma polepole maneno yanayokaribiana: thamani na samani, shaka na saka, faa na saa. Herufi kama s, sh, f na th hubebwa na sauti nyembamba, na iyafoni yenye besi nyingi kupita kiasi huzifunika. Kama huwezi kutofautisha thamani na samani bila kukisia kutokana na sentensi, iyafoni hiyo haimfai anayejifunza lugha wala anayeandika mahojiano, hata kama inatikisa kichwa kwa muziki wa dansi. Kwa maoni yetu, iyafoni nyingi za bei ya chini zina kasoro hii hasa. Zinatengenezwa zivutie katika dakika ya kwanza dukani.

Kikundi kinaweza kufanya zoezi zuri. Leteni iyafoni tatu au nne za bei tofauti. Mtu mmoja afunike majina kwa gundi ya karatasi na kuziandika namba. Wengine wasikilize rekodi ileile, kila mmoja aandike peke yake ni ipi aliyoielewa vizuri zaidi na ipi iliyomchosha. Msisemezane mpaka wote wamalize. Baadaye fungueni majina na bei. Mara nyingi majibu hushangaza, na mabishano yanayofuata hufundisha kuliko maelezo yetu. Kabla ya kumpa mwingine, osheni vipira.

Maandishi kwenye boksi yasikusumbue sana. "20 Hz hadi 20,000 Hz" ni mipaka ya masikio ya binadamu kijana, na karibu kila boksi huiandika. Haielezi kama sauti zilizo katikati zimetoka kwa uwiano. Namba ya ohm ikiwa 16 au 32, simu ya kawaida itaiendesha bila shida.

Waya, pini na betri

Iyafoni nyingi hufa kwenye waya, na hasa mahali unapoingia kwenye pini. Unapojaribu, kunja waya taratibu karibu na pini huku ukisikiliza. Ikikwaruza au upande mmoja ukikatika, rudisha. Chagua yenye mpira unaopinda pale kwenye maungio. Nyumbani usiuzungushe waya kwa kuukaza kwenye simu, ukunje kwa duara lililolegea. Baadhi ya aina zina waya unaochomoka karibu na sikio, nao ukikatika unanunua waya peke yake. Ukizipata kwa bei unayoweza, ni uamuzi mzuri.

Pini ya kawaida ya milimita 3.5 ikiwa na mistari miwili haina maikrofoni. Ikiwa na mistari mitatu, inayo. Baadhi ya simu za zamani zilipanga nyaya za maikrofoni kinyume na za sasa. Ukisikia ala za muziki zikilia lakini mwimbaji ametoweka au yuko mbali kama ndani ya pipa, bonyeza kitufe cha maikrofoni na ukishikilie. Sauti ikirudi, kifaa si kibovu. Hakipatani na simu hiyo tu.

Simu nyingi mpya hazina tundu la 3.5 kabisa. iPhone iliacha kuwa nalo tangu toleo la 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata. Hapo utahitaji iyafoni ya pini ya USB-C au kiunganishi. Viunganishi hivyo havifanani: kimoja kinafanya kazi kwa simu hii na kukataa kwa ile. Usilipe kabla ya kukijaribu kwenye simu yako mwenyewe.

Na zisizo na waya? Zina raha yake, lakini kwa kikundi chenye fedha kidogo hatuzipendekezi. Sehemu ya bei inakwenda kwenye betri na redio badala ya sauti. Betri zake ni ndogo sana, huchoka baada ya miaka michache na kwa kawaida hazibadilishwi. Zinahitaji umeme kila siku, na ukipoteza upande mmoja umebaki na nusu. Mwenye kipato cha kutosha anunue akipenda.

Sauti kiasi gani?

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalitoa kiwango cha pamoja kuhusu usikilizaji salama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hukatwa nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Ukifika 101, muda wa wiki nzima haufiki dakika 20. Simu ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kufika huko.

Wengi hatuna chombo cha kupima desibeli. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Sisi tunaongeza desturi moja: panga sauti ukiwa mahali kimya, mpaka maneno yanaeleweka bila kujikaza, kisha usiiguse tena. Ukipanda basi na maneno yakapotea, tatizo ni kipira au kelele. Badilisha kipira au subiri ufike. Ukivua iyafoni ukasikia mlio kama wa nyenje, au sauti za watu zikawa kama zimefunikwa na blanketi, umezidisha. Pumzisha masikio, na hali hiyo ikiendelea nenda hospitali.

Asiyesikia kwa sikio moja asikate tamaa. Rekodi nyingi hugawa sauti kushoto na kulia, naye hupoteza sehemu ya mazungumzo. Katika simu za Android na iPhone, kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna sehemu inayounganisha pande zote mbili ziwe moja. Mara nyingi imeandikwa Mono. Ukimwashia, somo zima litaingia kwenye sikio lake zima, hata kwa iyafoni ya bei ya chini kabisa.

Usafi na usalama

Upande mmoja ukipungua sauti baada ya miezi kadhaa, angalia kwanza nta ya sikio kwenye wavu mdogo chini ya kipira. Vua kipira, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke kabisa. Wavu usugue kwa mswaki mkavu na laini, ukielekeza tundu chini ili uchafu udondoke nje. Mwenye sikio linalotoa usaha asitumie iyafoni mpaka apone, wala asimwazime mtu zake. Dereva wa bodaboda, mwendesha baiskeli na anayetembea kando ya barabara wazivue.

Maswali ya kujadili

Katika kikundi chetu, nani hutumia iyafoni kwa saa nyingi zaidi, na anaziweka sauti kiasi gani? Je, yuko mtu miongoni mwetu ambaye huomba kila neno lirudiwe, na tumewahi kumuuliza kuhusu masikio yake? Kama tuna fedha za iyafoni tano, je, ni bora kununua tano za aina moja, au kila mtu aende dukani na kipimo cha sikio lake?