Tohara ni hiari, yasema Katiba

Naitiri, eneo bunge la Tongaren, kama kwingineko Bungoma, msimu wa tohara hufika Agosti kila baada ya miaka miwili. Mvulana huzunguka akipiga chinyimba kuwaalika wajomba na jamaa. Alfajiri hupakwa matope mtoni, kisha hurudi nyumbani kukabili kisu. Kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 kinalinda utamaduni huo. Kifungu hicho hicho, sehemu ya tatu, kinakataza kumlazimisha mtu yeyote kufanyiwa mila, nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inataja waziwazi tohara ya nguvu. Kwa hivyo kumburuta jirani wa kabila lingine hadi uwanjani, hata kwa nyimbo na shangwe, ni kosa. Aliyetendewa hivyo apige ripoti kituo cha polisi.