Wakikuambia kadi imeungua, chomoa kwanza ule mpira

Fundi akishindwa na mashine ya kufua, husema kadi, ile bodi ya elektroniki inayoiongoza, imeungua. Hapa Niania, mashariki ya Kongo, nimelisikia hilo hata kwa mashine ambayo shida yake ilikuwa soksi ya mtoto iliyonasa kwenye pampu. Mwenye mashine haijui kadi, hawezi kubisha, na kwa kuwa ya kubadilisha inaagizwa Kampala, bei ni ile atakayoitaja fundi mwenyewe.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, upande wa barabara ya Isiro, alikuwa ametajiwa dola 120, nusu zitangulie. Usishangae mashine ya kufua kuwa huku porini. Wanaolala kwake ni madereva wa malori ya Kisangani na wachuuzi wa dhahabu, na mvua ikinyesha wanaingia na tope jekundu hadi magotini. Mashuka ya namna hiyo yatamuua mtu kwa kufua kwa mikono. Mashine yenyewe ni ya mtumba wa Ulaya, ile yenye kioo mbele, iliyopita Kampala, Kasindi, Beni na Komanda kabla ya kufika kwake.

Ilikuwa inafua vizuri na kumwaga maji, kisha pampu inaendelea kunguruma bila kukoma. Haikamui, haifungui mlango. Mashuka yamelowa ndani, na nje jenereta inakunywa petroli. "Fundi, mwanangu," akaniambia, "mimi nipe mashuka yangu tu. Hiyo mashine kaitupe."

Nifuate kwa hatua. Ya kwanza, chomoa waya wa umeme. Ya pili, weka beseni chini, fungua chujio la pampu. Mafundi wa Ulaya hukuta sarafu humo. Sisi hatuna sarafu, tunakuta vifungo, misumari, na noti za franka 500 zilizogeuka uji. La Mama lilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo fundi mwenzangu aliyenitangulia alipokata tamaa akakimbilia kadi.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Fungua kifuniko cha juu. Pembeni utaona kidude cha plastiki, mviringo, chenye nyaya chache na mpira mwembamba unaoshuka hadi chini ya pipa. Hiyo ni presostati. Maji yakipanda ndani ya pipa, yanasukuma hewa iliyo katika mpira, hewa inabonyeza ngozi iliyo ndani ya kidude, na mashine inajua imejaa kiasi gani. Maji yakitoka, hewa inalegea, mashine inajua ni tupu. Sasa mpira ukizibika kule chini, hewa inabaki imefungiwa juu. Pipa limekauka, lakini mashine inaamini bado kuna maji, basi inaendelea kuvuta. Na haitafungua mlango, maana inaogopa kukumwagia sebuleni.

Jaribio halidai kifaa chochote. Umeme ukiwa umechomolewa, vuta mpira utoke kwenye kidude. Ya Mama ilitoa "pss" ndogo, kama chupa ya soda iliyokaa wazi tangu jana. Nikaacha mpira ukining'inia, nikarudisha kifuniko, nikawasha. Pampu ikanyamaza, mlango ukalia "tak" ukafunguka. Mama akavuta mashuka yake bila kunitazama, kisha akauliza kwa sauti, ili jirani asikie, hiyo kadi ya dola 120 ilikuwa ya kufanyia nini.

Ukitaka uhakika zaidi, puliza kidogo kwenye tundu la kidude kwa mdomo. Presostati za zamani zinalia "ka" ukipuliza, "ka" tena ukiacha. Mpya nyingi hazilii, zinapima kwa njia nyingine, lakini jaribio la kuchomoa mpira linafaa kwa zote mbili. Usitumie kompresa ya kujazia magurudumu, utapasua ngozi. Kisha fuata mpira hadi chini, toa kikopo kilichoungwa na pipa, ukioshe kwa maji ya moto. Nilichomwaga kutoka humo kilikuwa ute wa kijivu, sabuni, nywele na udongo wetu.

Sabuni ndiyo chanzo. Mama anatumia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na maji hayo ni laini, hayana chokaa. Ukiweka humo sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, povu linajaa hadi kwenye kile kikopo. Weka kijiko kimoja cha kulia, si zaidi. Na bado kuna duka Bunia lililomuuzia unga wa kuondoa chokaa, eti utalinda mashine. Chokaa ipi katika maji ya mvua?

Ya nne nilitaka iwe valvu inayoingiza maji, lakini kwa huku kwetu, mashine isipojaa, tatizo si valvu, ni nguvu ya maji. Tangi la maji lililowekwa mita 3 juu linatoa baa 0.3, na mashine nyingi zinataka karibu nusu baa au zaidi ndipo valvu ifunguke sawasawa. Nilimfundisha kijana wa Mama kuanzisha mashine, kisha kumimina maji ya bidoni kupitia droo ya sabuni mpaka ngoma ianze kuzunguka. Achague kufua kwa maji baridi, kwa sababu kipasha maji kinakula wati 2,000 na kajenereta kake kanazimika.

Kama unanunua Bunia, achana na rangi na jina la mashine. Muulize muuzaji ziko wapi bolti za safari, zile ndefu za nyuma zinazoshika pipa lisicheze. Atakuambia hazina kazi. Kutoka Bunia mpaka hapa, juu ya lori, kupitia mashimo ya Mambasa na Epulu, pipa lisiloshikwa linagonga hadi springi zinachomoka na beringi zinaumia. Zikikosekana, sokomeza nguo kuukuu kati ya pipa na kuta, pande zote, hadi pipa lisitikisike kwa mkono. Nyingi ya mashine ninazoitiwa hapa kwa sababu ya kelele zilivunjikia barabarani, na muuzaji alishapokea pesa yake yote.