Dondoo muhimu: Ukifika vijiji vya Zagori, Ugiriki

• Viatu: Njia zimetandikwa mawe, na mvua ikinyesha huteleza. Vaa viatu vyenye soli inayoshika.

• Salamu: Wazee hunywa kahawa uwanjani, chini ya mti mkubwa. Waamkie kwanza: “kalimera” asubuhi, “kalispera” jioni.

• Daraja: Karibu na Kipoi, usikose daraja la mawe la Plakidas lenye matao matatu.

• Sherehe: Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria. Wenyeji waishio mijini hurudi kwao, klarineti hulia na watu hucheza wameshikana mikono. Tafuta malazi mapema.

• Kanisani: Funika mabega na magoti.

• Utunzaji: Tangu 2023 Zagori ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Usiondoe hata jiwe moja.