Msongo wa Mawazo, Mlo na Mazoezi: Kijitabu kwa Wafanyakazi na Wafanyabiashara wa Kivukoni na Kariakoo

Msongo wa mawazo ni nini

Msongo wa mawazo ni hali inayompata mtu anapoona kwamba mambo yanayomkabili yamezidi nguvu, muda au fedha alizonazo. Wenyewe si ugonjwa, ni njia ya mwili kujihami. Hatari inapotokea, ubongo huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na ini huachia sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kupambana au kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Utaratibu huu ndio unaomwokoa mtu anayevuka Mtaa wa Msimbazi na kushtukia bodaboda ipo ubavuni mwake.

Shida huanza pale hatari isipopita. Marejesho ya mkopo, kodi ya fremu, ada ya mtoto au mzigo uliokwama bandarini si mambo ya kukimbiwa kwa miguu, lakini mwili huyapokea vilevile kama bodaboda ile. Homoni hubaki juu wiki baada ya wiki. Dalili zake ni kichwa kuuma, shingo na mabega kukaza, usingizi wa mang'amung'amu, tumbo kuvurugika, hasira za haraka, kusahausahau, na kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yanapendeza. Hali hiyo ikidumu miaka huchangia presha ya juu, kisukari na magonjwa ya moyo.

Vyanzo vyake katikati ya jiji

Kivukoni na Kariakoo ni maeneo jirani yenye mashaka yanayofanana. Kila alfajiri watu wa Kigamboni huvuka kwa kivuko cha Magogoni, na wa Kimara na Ubungo hushuka kwenye vituo vya mwisho vya mwendokasi, Kivukoni na Gerezani, vilivyoanza kutumika mwaka 2016. Wengi huwa wamesimama foleni kabla jua halijachomoza. Wachuuzi wa Soko la Samaki la Feri huamka mapema zaidi ili wauwahi mnada. Karani wa ofisi za Posta hukaa kitini kutwa, huku kuli wa Kariakoo akishinda na gunia begani.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anabeba pia hofu ya kupoteza mtaji. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliunguza soko kuu na bidhaa za watu wengi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Matukio ya namna hiyo huacha woga hata kwa waliopona na kwa majirani walioshuhudia tu. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo. Ni fursa ya kipato, lakini kwa asiye na mtu wa kupokezana naye zamu, ni mwanya mwingine wa kupoteza usingizi.

Juu ya yote hayo ipo mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, inayodai rejesho kila wiki au kila siku. Anayedaiwa hivyo huanza kupiga hesabu kabla hajanawa uso.

Jinsi msongo unavyovuruga mlo na mazoezi

Watu wengi huamua kula vizuri na kufanya mazoezi, kisha huacha baada ya wiki mbili na kujiita wavivu. Mara nyingi kilichowaangusha si uvivu. Kotisoli ikikaa juu huongeza hamu ya vyakula vitamu na vyenye mafuta, kwa kuwa mwili unadhani upo vitani na unatafuta nishati ya haraka. Kukosa usingizi huongeza njaa kesho yake. Uchovu nao humfanya mtu aone mazoezi ni mzigo mwingine.

Chukua mfano wa siku moja ya muuzaji wa nguo Mtaa wa Kongo. Saa 12 asubuhi anakunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Mchana wateja ni wengi, hali chochote. Saa 10 alasiri mikono inatetemeka kwa njaa. Anaagiza chipsi mayai na soda. Saa 4 usiku anafika nyumbani, anakula bonge la ugali na kulala tumbo likiwa limejaa, huku akiwaza rejesho la kesho. Soda ile ya mililita 350 peke yake ina takriban vijiko tisa vya chai vya sukari. Pamoja na vitatu vya asubuhi ni 12, bila kuhesabu sukari ya maandazi. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 hivi, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo.

Muuzaji huyo hana sababu ya kujilaumu. Anachohitaji ni mpango unaoijua siku yake.

Mpango upimwe kwa siku mbaya

Mipango mingi ya afya hutungwa siku ambayo mtu amelala vizuri na mfuko una kitu. Kwa hiyo huvunjika siku ya kwanza ya taabu, yaani siku ambayo ilihitajika zaidi. Ni vyema kila jambo liwekewe vipimo viwili: kipimo cha siku nzuri na kipimo cha siku mbaya. Siku nzuri mtu anatembea dakika 40; siku mbaya anatembea dakika tano kabla ya kufungua duka. Siku nzuri anapika mboga na samaki. Siku mbaya anakula ndizi mbili na karanga badala ya kushinda njaa. Kipimo cha siku mbaya kiwe kidogo kiasi kwamba hata mwenye homa ya madeni anakiweza. Anayekitimiza ahesabu kuwa hakuacha.

Mlo unaowezekana

Msingi wa mlo bora upo sokoni tayari. Mchicha, tembele, kisamvu na bamia ni mboga za bei nafuu. Maharage, kunde na choroko hutoa protini na hukaa tumboni muda mrefu, hivyo njaa haimshtukizi mtu. Dagaa na vibua wanaopatikana Feri wana protini pamoja na mafuta yanayofaa kwa moyo, na bei yake ni ndogo kuliko ya nguru au jodari.

Anayekula kwa mama lishe hana haja ya kuhama kijiwe. Sahani ya kawaida huja na mlima wa wali, mchuzi, na mboga kiasi cha kijiko. Kauli moja inatosha kuibadilisha: punguza wali, ongeza mboga na maharage. Lengo ni nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wali, ugali au ndizi, na robo iwe samaki, nyama au maharage. Samaki wa mchuzi au wa kuchoma ni bora kuliko aliyezama kwenye mafuta yaliyochemshwa tangu asubuhi.

Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye chakula kilichopikwa, isizidi gramu tano, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo chumvi ya kunyunyiza mezani juu ya chipsi, embe mbichi au mihogo ndiyo ya kwanza kuachwa. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Kunywa chai nzito, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu kuna gharama yake. Kafeini humchangamsha mtu kwa kuchokoza mfumo uleule wa msongo, na nusu yake huweza kuwa bado mwilini saa tano baadaye. Kahawa ya kijiweni saa 2 usiku hulipwa saa 7 usiku macho yakiwa makavu. Ni afadhali kikombe cha mwisho kiwe cha mchana.

La msingi kuliko yote ni kutoruka mlo. Mwenye duka akila saa 6 mchana, hata kidogo, hafiki saa 10 akiwa tayari kumeza chochote kilicho karibu.

Mazoezi bila kiingilio

Mwili unapofanya kazi ya misuli hutumia ile nishati ambayo msongo umeiandaa. Ndiyo maana mtu hujisikia mwepesi baada ya kutembea, na usiku hulala vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika 10. Kila hatua inahesabiwa.

Katikati ya jiji nafasi zipo. Kutoka Kivukoni hadi Kariakoo kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja ni mwendo wa nusu saa hivi. Anayetembea hivyo siku tano kwa wiki ameshapata dakika 150. Asiyeweza yote ashuke mwendokasi kituo kimoja kabla ya chake. Asubuhi na jioni, Barabara ya Barack Obama kando ya bahari ina upepo mzuri wa kutembea. Watu wa mitaa mingi ya Dar es Salaam wana vikundi vya jogging vinavyokutana mwisho wa wiki. Faida yake ni mbio na pia watu wa kuzungumza nao. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo.

Karani anayekaa kutwa anaweza kusimama na kukaa kwenye kiti mara 10 bila kushika meza, kila baada ya saa moja. Kwa kuli hali ni tofauti: mwili wake umeshachoka, na anachokosa ni kupumzika, maji ya kutosha na kunyoosha mgongo na mapaja kabla ya kulala. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kuanza mbio.

Kutuliza akili

Njia ya haraka ni pumzi. Mtu huvuta hewa taratibu kwa sekunde nne na kuitoa kwa sekunde sita, kwa dakika tano. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Hilo linawezekana kwenye foleni ya kivuko au nyuma ya meza ya bidhaa.

Usingizi wa watu wazima ni saa saba au zaidi. Simu iwekwe mbali na kitanda, na anayesumbuliwa na hesabu usiku aziandike kwenye daftari kabla ya kulala: nani anadai, kiasi gani, lini. Deni lililoandikwa halipungui, lakini halizunguki tena kichwani.

Ni kweli pia kwamba msongo wa fedha hautibiwi kwa mbio peke yake. Kabla ya kukopa mkopo mpya wa kulipia wa zamani, ni busara mdaiwa azungumze na mdai kuhusu ratiba, au na wenzake wa kikoba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Maafisa maendeleo ya jamii ndio wanaoeleza masharti yake.

Kuongea na mtu anayeaminika, iwe barazani, msikitini, kanisani au kwenye meza ya bao, hupunguza mzigo. Pombe, sigara na mirungi husahaulisha kwa muda mfupi, kisha huharibu usingizi na kula fedha ileile inayowazisha.

Wakati wa kutafuta msaada

Kila mtu mzima apime presha angalau mara moja kwa mwaka. Apimwe akiwa ameketi na kutulia dakika tano, miguu ikiwa chini, na asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Vipimo vya 140 kwa 90 au zaidi vinavyojirudia siku tofauti vinahitaji daktari. Dawa ya presha isiachwe kwa sababu mtu ameanza mazoezi.

Huzuni, woga au kukosa usingizi vikidumu zaidi ya wiki mbili na kuzuia kazi, ni wakati wa kwenda kituo cha afya. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anayesikia maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au aliyelegea upande mmoja wa mwili ghafla, apelekwe bila kusubiri biashara ifungwe. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya hupigiwa kwa namba 199, bila malipo.