Presha ya Maji ya Kupoza Mashine za Boti: Namna ya Kuipima na Kuitunza

Katika wilaya ya visiwa kama Mafia mashine ya boti si chombo cha anasa. Ndiyo inayomvusha mgonjwa wa Jibondo au Chole hadi Utende ili aiwahi hospitali ya wilaya Kilindoni, na ndiyo inayowapeleka wavuvi nje ya mwamba na kuwarudisha na riziki. Vipo pia vikundi vilivyonunua mashine kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha namna hiyo mashine yake ikinoki, samaki hukoma lakini marejesho hayakomi. Kwa sababu hiyo somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wengi hulitazama kwa jicho moja tu: maji yanayoipoza mashine.

Siku moja ya kusi nilikuwa miongoni mwa abiria tuliokuwa tukirejea kutoka mkutano wa kijiji. Abiria mmoja aliuliza mbona mashine inanuka kama mpira unaoungua. Nahodha akageuka, akautazama mchirizi wa maji ubavuni mwa mashine, akajibu, "Maji yanatoka, hamna shaka." Hatukupita dakika kumi mashine ikakata sauti, nasi tukaachwa tukipepesuka hadi boti nyingine ilipokuja kutuvuta. Fundi alipoufungua mguu wa mashine alikuta impela imebakiwa na nusu ya mapezi yake. Waya wa king'ora cha joto ulikuwa umekatwa siku nyingi, kwa kuwa ulionekana kero.

Nahodha yule hakusema uongo. Maji yalikuwa yakitoka kweli. Kosa lilikuwa kuamini kwamba maji kutoka ni sawa na maji kutosha.

Ili jambo hili lieleweke, tuifuate safari ya maji. Mashine nyingi za boti hazina rejeta; hunywa maji ya bahari moja kwa moja. Maji huingia kupitia matundu yaliyo chini, ubavuni mwa mguu, juu kidogo ya rafadha. Ndani ya mguu huo imo pampu ndogo yenye impela ya mpira, inayozungushwa na shafti ile ile iendayo kwenye rafadha. Impela huyasukuma maji juu kwa bomba hadi kwenye bloku na silinda hedi, kisha mengi hurudi baharini pamoja na moshi. Sehemu ndogo tu ya maji hayo hupitishwa kwenye kitundu cha pembeni, na huo ndio mchirizi ambao mabaharia wetu husema mashine inakojoa. Tawi hilo dogo laweza kuendelea kutiririka hata pale ambapo maji ya juu, penye moto mkali, yamepungua mno. Kinyume chake pia hutokea: kitundu huzibwa na chumvi au nyumba ya mdudu, mchirizi ukakoma, ilhali mashine yenyewe ni nzima. Pitisha waya laini kitunduni kabla hujaanza kufungua boliti.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni geji ya presha ya maji. Huunganishwa kwa mpira mwembamba kutoka tundu la kupimia lililoachwa na mtengenezaji kwenye bloku, na husomwa kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Mashine ikiwa inasubiri bila mwendo, presha huwa ndogo sana, pengine psi 1 hadi 3. Katika mashine nyingi kubwa zinazokimbia kwa kasi yote hupanda zaidi ya 10. Lakini namba hizi zisichukuliwe kama sheria, kwani kila mashine ina kiwango chake kilichoandikwa katika kitabu chake. Jambo la msingi ni kuandika namba ya mashine yako ikiwa na impela mpya: ikisubiri, kwa mwendo wa kawaida na kwa kasi yote, boti ikiwa na mzigo uliozoeleka. Daftari la shilingi chache litakuambia baada ya miezi minne kile ambacho macho hayawezi kukuambia.

Geji husomwa pamoja na joto, na hapa ndipo wengi hupotoka. Presha ikishuka huku joto likipanda, tazama upande wa kuingilia maji: mfuko wa plastiki, majani ya bahari, tope, impela iliyochakaa, au mashine iliyofungwa juu mno kwenye tezi hata ikawa inavuta hewa. Presha ikipanda huku joto nalo likipanda, usishangilie. Maji yanasukumwa lakini hayana pa kupita. Chumvi imeganda ndani ya njia zake au themostati imekwama ikiwa imefungwa. Sindano ikichezacheza bila kutulia, mara nyingi ni hewa.

Asiye na geji asikate tamaa. Tia mguu wa mashine ndani ya pipa lenye maji yanayofunika vema matundu ya kuingilia, toa rafadha, weka gia huru, uwashe mahali pa wazi penye hewa. Mashine ikishapata joto, kinga mchirizi kwa chupa ya lita moja na uhesabu sekunde hadi ijae. Hicho si kipimo cha presha, wala hakiwezi kuonyesha hali ya mashine ikiwa kasi, lakini ukirudia kila mwezi kwa mzunguko ule ule utagundua mapema kwamba pampu inadhoofika. Kamwe usiwashe mashine ikiwa kavu "kusikiliza mlio tu". Impela hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Pasipo maji huungua kwa muda mfupi sana.

Kuhusu matunzo, impela ibadilishwe walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa boti zinazoingia mikokoni na kwenye maji ya tope la Rufiji upande wa Nyamisati, kwa kuwa mchanga hula mpira na kikombe cha pampu kwa pamoja. Kikombe kikiwa na michirizo, impela mpya peke yake haitarudisha presha. Fundi apake maji ya sabuni, aizungushe shafti kuelekea saa ikitazamwa kutoka juu wakati wa kuivisha, na asisahau kipini kidogo kinachoishika impela. Akikuta pezi limekatika, alitafute hadi alipate, maana kipande hicho hakipotei. Hupanda na maji na kuziba njia huko juu.

Wapo mafundi wanaotoa themostati na kuitupa, wakidai mashine itapoa zaidi. Sikubaliani nao. Themostati nyingi za mashine hizi hufunguka joto linapokaribia nyuzi 50 za Selsiasi. Pasipo hiyo mashine hufanya kazi ikiwa baridi, mafuta hayaungui sawasawa na plagi huchafuka. Ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto uone kama inafunguka. Ikigoma, nunua nyingine.

Baada ya kila safari mashine ioshwe ndani kwa maji yasiyo na chumvi, ikiunguruma taratibu kwa dakika kumi hivi, ili themostati ifunguke na maji yafike juu. Najua kwamba katika visiwa vidogo maji hayo ni ya kubeba, na haifai kuoshea mashine maji ambayo familia ingekunywa. Nusu pipa la maji ya mvua laweza kutumiwa na boti mbili tatu za diko moja, mradi yamwagwe yakianza kuwa na ladha ya chumvi au utando wa oili.

Ikiwa uko baharini na presha imeporomoka, punguza mafuta mara moja, zima mashine na utupe nanga ili mkondo usikuchukue. Inua mguu, safisha matundu ya kuingilia maji, kisha ushushe na uwashe tena ukiitazama geji. Usiimwagie mashine ya moto maji ya bahari. Chuma kinaweza kupasuka. Iache ipoe yenyewe, hata kama ni nusu saa, na abiria wote wawe wamevaa maboya muda huo wote.