Peke Yangu Ziwa Nzilo

Hapa Kolwezi, mtu akionekana amekaa mezani peke yake, watu hudhani amefiwa au amegombana na wa nyumbani. Mji wetu wa migodi unafanya kazi kwa zamu usiku na mchana, na siku ya mapumziko nayo huliwa na harusi, matanga na wageni. Ndiyo maana mimi huenda Ziwa Nzilo, kaskazini mwa mji, bila kumngoja mtu, na ningependa wengine wathubutu, hasa wanawake.

Ziwa lenyewe lilizaliwa na shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière iliuziba mto Lualaba ili migodi ipate umeme. Kituo cha Nzilo, kilichoitwa Delcommune wakati wa Wabelgiji, kikaanza kazi mwaka 1952. Kazi ileile inayotuchosha ndiyo iliyotuachia mahali pa kupumzikia.

Nenda katikati ya juma. Jumapili ni ya makundi na spika kubwa. Jumanne ufuko ni wako na wavuvi. Kiangazi barabara huwa na vumbi lakini haina matope. Mwezi wa sita na wa saba beba sweta nzito, kwani tuko nyanda za juu na usiku baridi inauma kweli. Chukua kadi ya uchaguzi kwa ajili ya vizuizi vya njiani, na dola ndogondogo. Zikague moja moja kabla ya kuondoka: noti yenye mpasuko hata wa upana wa ukucha itakataliwa. Karibu na bwawa, simu ikae mfukoni. Picha za mitambo zitakuletea maswali.

Kwenye nyumba ya wageni nachagua chumba kilicho karibu na familia ya mlinzi, si kile cha mwisho chenye mandhari nzuri. Mtu mmoja mjini ajue nilipo na siku nitakayorudi.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Mhudumu atauliza, “Yaya (dada), tungojee wengine?” Jibu bila aibu: “Niko peke yangu, leta tu.” Kisha nenda mwenyewe jikoni ukachague samaki, maana wakubwa wamewekewa familia. Mimi hutaka tilapia asiyezidi sahani, achanjwe mbavuni mara tatu, chumvi na pilipili ziingie mpaka kwenye mfupa, kisha akae juu ya makaa mpaka mkia uwe mkavu wa kuvunjika. Kwa bukari (ugali) na sombe (kisamvu), mlo huo haufai kuharakishwa. Hakuna anayekungoja umalize, na hakuna mtoto wa kumtolea miiba. Kula polepole namna hiyo ni raha ambayo nyumbani siipati kamwe.

Ukitaka mtumbwi, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na udai jaketi la kuokolea. Usiogelee peke yako, wala usiingie kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Konokono wa kichocho hupenda huko. Waulize wavuvi, wanayajua maji yao.

Saa za kwanza mkono utakuwa unaitafuta simu. Vumilia, usianze kumpigia kila mtu. Ikifika jioni akili inakuwa imetua.

Siku ya kurudi, dereva aje mchana. Malori ya madini hayapumziki, na ndani ya vumbi lao gizani huoni kitu.